Siku Tano Nilizozigeuza Miezi Miwili

Kola ya shingo ina harufu yake. Asiyewahi kulala karibu na mtu aliyeivaa hawezi kuijua: ni harufu ya sponji iliyokunywa jasho siku nyingi, ikachanganyika na mafuta ya kupaka na kitambaa ambacho hakikuwahi kukauka vizuri. Mwezi uliopita mwenzangu wa kazini aligongwa kwa nyuma akiwa ndani ya bajaji, pale kwenye mteremko wa kuingia Kigoma mjini, akaja ofisini amevaa kola. Siku ya nne aliivua, akaitupia kwenye kiti kilicho karibu na changu, akageuza shingo kulia na kushoto kwa madaha. "Daktari kasema basi," alisema. "Nikiendelea nayo, shingo itakuwa mvivu." Wote wakacheka. Mimi nilitoka nje nikasimama barazani mpaka ile harufu iliponitoka puani.

Sisi wa rika langu tuliokulia Mwandiga tunapenda kusimulia utoto wetu kwa kujisifu. Tulichota maji mbali, tulichapwa fimbo za kutosha, tulikula kiporo na tukanenepa. Katika hadithi zote hizo mwenye kuonewa ni sisi. Mimi nina moja ambayo sijawahi kuileta mezani, kwa kuwa humo aliyeonewa ni bibi yangu, mzaa baba, na aliyemwonea ndiye anayeandika hapa. Nilikuwa darasa la nne, nina akili nyingi kuliko nilivyozihitaji.

Bibi ndiye aliyenilea mpaka nikafikia umri wa kuanza shule. Kwake ni juu milimani, mwendo mrefu kutoka Mwandiga, kwenye michikichi na migomba, na Kiha ndicho nilichoanza nacho kabla ya Kiswahili. Nilipoletwa kwa wazazi nilikuta nyumba nzuri ya bati ambayo mchana haikuwa na mtu. Baba alifanya kazi bandarini, akiondoka alfajiri na kurudi nimeshakula. Mama, ambaye ni wa ukoo uliotoka Kongo zamani ukakaa ufukweni, aliuza vitenge Kagunga; alipanda boti na mizigo yake na angeweza kukaa huko wiki tatu, wakati mwingine zaidi, kutegemea soko. Nilivaa ufunguo wa nyumba shingoni kwa kamba ya kiatu. Nilirudi kutoka shule, nikafungua kufuli, nikala nimesimama, kisha nikakaa mlangoni nikingoja mtu yeyote apite ili nimsalimie. Sikuwahi kulalamika. Watoto wa nyumba yetu hawakuwa na desturi ya kuwaambia wakubwa wanachotaka; ulipewa, ukashukuru.

Huko kwake Bibi alijulikana kwa mawese na kwa shingo. Alikuwa akichemsha chikichi mwenyewe, akizitwanga na kuzikamua, kisha akijaza ndoo hadi shingoni na kuiweka kichwani kwenda nayo gulioni bila kuishika. Njiani alipokutana na mtu mzima alimsalimia kama akina mama wa kwao wanavyosalimia, kwa kushuka magotini na kupiga makofi polepole, "Mwakeye, mwakeye," na ndoo ilikaa pale pale. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila bibi duniani ana shingo ya namna ile. Yeye mwenyewe alijisifu nayo waziwazi. Alisema wanawake wa mjini wana shingo za kuvalia mikufu tu.

Mwaka huo alishuka kuja kututembelea kwa wiki mbili, na galoni mbili za mawese na mkungu wa ndizi. Jumapili, Mama akiwa Kagunga, tulikwenda Ujiji kumwona ndugu aliyejifungua, tukirudi kwa gari la rafiki yake Baba. Baba alikaa mbele na mwenye gari, mimi na Bibi nyuma. Ajali yenyewe haikuwa kosa langu, na nalisema hili mapema ili yanayofuata yasije yakachanganywa nalo. Mbuzi walivuka barabara, dereva wetu akasimama, na pikapu iliyopakia mkaa ikatugonga kwa nyuma. Paji langu la uso lilipiga kiti cha mbele. Kichwa cha Bibi kilikwenda nyuma kikarudi mbele, mara moja tu, upesi kuliko unavyoweza kupepesa macho, na kilemba chake kikaruka kikaangukia mapajani mwa Baba.

Hakuna aliyevuja damu. Bampa ilining'inia, madereva wawili wakagombana, mbuzi wakaendelea kula majani. Bibi ndiye aliyecheka kuliko wote. Alipokea kilemba chake, akakifunga upya, akasema kwa Kiha kwamba mjini watu wanaendesha magari kama wanaofukuza nzi. Alicheka hadi nyumbani, akala samaki wawili wa migebuka na ugali wa muhogo, akalala.

Asubuhi hakuweza kuamka. Nililala naye kitanda kimoja, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona. Alishika kichwa chake kwa mikono miwili, huku na huku, akakiinua kama mtu anayeinua mtungi wa watu, akakaa. Alitaka kunitazama, akashindwa kugeuka. "Jana walinigonga," alisema, kana kwamba habari ndiyo kwanza imemfikia. Baba alikuwa na meli ya kushughulikia bandarini na hakuweza kukosa. Alitupeleka mpaka hospitali, akatuacha kwenye benchi. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha gulioni, cha mawese na chumvi, hakikutosha kwa daktari. "Wewe utamwelewesha," Baba aliniambia. "Sikiliza vizuri." Nilijiona mtu mkubwa sana.

Daktari alikuwa kijana, mgeni wa mkoa, mwenye Kiswahili cha haraka na upole mwingi. Aliangalia picha ya eksirei dirishani, akasema mifupa ni mizima, ila nyama na mishipa ya shingo imevutika kwa ule mshtuko. Alimvalisha Bibi kola nyeupe ya sponji, akanigeukia mimi. Maneno yake ninayo mpaka leo.

"Mwambie bibi avae hii siku tano tu, mchana. Usiku aivue. Baada ya siku tano aiweke kando kabisa, aanze mazoezi: ageuze kulia, ageuze kushoto, ashushe kidevu kifuani, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Itauma, lakini ageuze. Akiizoea kola, shingo itakakamaa. Baada ya wiki mbili nataka kumwona. Umeelewa, binti?"

Nilielewa kila neno. Kabla sijafungua mdomo, Bibi alinishika mkono. "Mwulize kama Jumamosi naweza kwenda kwangu," alisema kwa Kiha. "Chikichi zangu zitaoza."

Jumamosi. Nilihesabu: siku tano. Niliiona ile Jumatatu itakayofuata, nikirudi na ufunguo wangu shingoni. Wiki iliyotangulia nzima nilikuwa nimemkuta Bibi mlangoni kila nilipotoka shule, chakula kikiwa cha moto, na mtu wa kuniuliza leo umejifunza nini. Nikamwambia Bibi, kwa Kiha safi alichonifundisha mwenyewe, kwamba daktari amesema avae kola miezi miwili. Mchana na usiku. Asigeuze shingo hata kidogo, asibebe kitu, asiende safari. Bibi alishtuka. "Miezi miwili?" Nikasema ego, ndiyo, miwili, na nikamwonyesha kwa vidole.

Daktari alitutazama akitabasamu. "Kaelewa?"

"Kaelewa."

"Hodari sana. Ungekuwa binti yangu ningekupeleka ukasomee udaktari."

Naomba mnielewe nilivyokuwa nikiona mambo, si kwa kujitetea. Shuleni tulikuwa na bustani, na mwalimu alitufundisha kufunga mche mchanga kwenye kijiti ili usipinde. Alisema unaong'olewa kijiti mapema huanguka kwa upepo. Niliamini shingo ni hivyo hivyo. Kama siku tano zinaponya, basi miezi miwili itaponya mara nyingi zaidi, na Bibi atarudi milimani na shingo ngumu kuliko ya zamani. Nilichokuwa nikimwibia ni safari tu, na safari ingengoja. Karatasi ya hospitali, iliyoandikwa tarehe ya kurudi, niliikunja nikaiweka ndani ya daftari la Sayansi. Baba alipouliza jioni, nilimwambia yale yale ya miezi miwili kwa Kiswahili. Baba aliniamini kwa sababu nilikuwa wa pili darasani, na kwa sababu sikuwa nimewahi kumdanganya. Akatuma salamu milimani kwamba mama yake hatarudi hivi karibuni, majirani wavune zile chikichi wasiziache zikaharibika.

Siku zile zilikuwa tamu, na utamu wake ndio unaonichoma nikikumbuka. Nilivua ufunguo shingoni nikautundika msumarini. Nilirudi kutoka shule mbio. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni, kichwa kimenyooka kama askari wa gwaride, na kwa kuwa hakuweza kunigeukia alinitambua kwa miguu. "Leo umevaa ndala za mama yako," aliniambia kabla sijafika mbele yake. Tulipika maharage kwa mawese, tukachambua dagaa, akanisimulia habari za ujana wake na za baba yangu alipokuwa mtundu. Usiku nililala nimeshika ncha ya kanga yake. Ndiyo maana naijua ile harufu.

Jirani yetu, Mama Shukuru, alikuwa fundi wa kukanda. Watu waliteguka wakaletwa kwake kutoka mbali, akawakanda kwa maji ya moto na mafuta mpaka wakatembea. Wiki ya pili alikuja na beseni lake na taulo. "Bibi, hiyo shingo haitaki kufungwa hivyo," alisema. "Shingo ni kitu cha kugeuka. Nipe nafasi nikuonyeshe."

Bibi hakuelewa vizuri, akaniuliza mimi anasema nini. Nikasimama katikati yao. Nikamwambia Mama Shukuru kwamba daktari amekataza kukanda. Nikamwambia Bibi kwamba Mama Shukuru amekuja kumpa pole. Mama Shukuru alinitazama kwa muda, akanyanyua beseni lake.

"Haya, Daktari," alinitania. "Hospitali ni yako."

Jina likashika. Baba naye akawa ananiita Daktari. "Daktari, mgonjwa wako anaendeleaje?" Nilikuwa nikijibu kwa kujivuna.

Mabadiliko yalikuja taratibu nami nikakataa kuyaona. Ngozi ya Bibi chini ya kidevu iliota vipele. Mabega yalipanda juu kama ya mtu anayehisi baridi. Kanisani, akina mama wa Kiha walipomsalimia kwa kuinama na makofi, yeye alisimama wima akapiga makofi tu, macho yakiangalia juu ya vichwa vyao, na nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba mwana wa bandarini kamfanya mama yake ajione. Bibi alisikia pia. Siku ile hakula mchana.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma, kutoka kisogoni mpaka nyuma ya macho. Alasiri moja, wiki ya tano nadhani, sikumkuta mlangoni. Alikuwa kitandani, ameegemea ukuta, machozi yanateremka na kuingia ndani ya kola. Sikuwahi kumwona Bibi akilia. Alinivuta karibu.

"Mjukuu wangu, kumbuka vizuri. Yule daktari hakusema niigeuze? Hata kidogo?"

Hapo ndipo ningeweza kuumaliza uongo wangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilijua jibu, na nilikuwa nimeshaanza kuogopa kwamba shingo si mche. Lakini kumwambia kulikuwa ni kumwambia na mengine yote, na Baba angejua, na Mama Shukuru angejua, na Bibi angefunga mzigo wake kesho yake. Nikasema, "Hakusema, Bibi." Ule uongo wa kwanza hospitalini naweza kumsamehe mtoto aliyeusema. Huu wa kitandani bado siwezi.

Mama alirudi kutoka Kagunga wiki ya saba. Safari ile ilikuwa ndefu kwa sababu ziwa lilichafuka na soko lilikuwa baya. Aliweka mizigo chini, akapiga goti mbele ya mama mkwe wake. "Shikamoo, Mama." Kisha akanusa, akakunja uso. Kiha cha Mama kiliishia kwenye salamu, ila mikono yake haikuhitaji mkalimani. Alifungua ile kola kwa nyuma, akaivua ili aifue.

Kichwa cha Bibi kiliinama mbele, hakikusimama. Alipiga ukelele mfupi, akakikamata kwa mikono miwili, na nyumba nzima, alisema baadaye, ilimzunguka. Mama alimshika mabega. Aliniangalia mimi juu ya kichwa cha Bibi. "Hii kavaa tangu lini?"

"Tangu ajali."

"Tangu ajali? Kesho twende hospitali. Na karatasi yake iko wapi?"

Nikasema imepotea.

Tulimkuta daktari yule yule. Alimtambua Bibi, akamtambua na mkalimani wake. Alipomshika kichwa na kujaribu kukigeuza, Bibi aliuma midomo, na kichwa hakikwenda popote. Daktari alimwachia taratibu, akaketi. Upole haukumtoka ila tabasamu lilimtoka. "Nilisema siku tano," alimwambia Mama. "Huyu bibi kavaa karibu miezi miwili, usiku na mchana? Nyama za shingo zimelala zote. Kwa nini?" Akanigeukia. "Binti, mwulize bibi. Nani alimwambia avae muda wote huu?"

Nilitazama miguu ya meza ya daktari. Nilisikia watu kwenye korido wakiitwa majina.

"Mwulize," Mama alisema.

Basi nikamwuliza Bibi kwa Kiha, neno kwa neno, bila kupunguza: daktari anasema alitaja siku tano, anauliza ni nani alikwambia uvae muda wote huu. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Bibi hakuweza kunigeukia kwa shingo. Aliweka mikono kwenye kiti, akajigeuza mwili mzima, polepole, miguu ikifuata, mpaka tukatazamana uso kwa uso. Alinitazama kitambo. Sijui aliona nini. Najua tu kwamba mimi nilishindwa kuyatoa macho yangu machoni pake. Kisha akajigeuza tena kwa daktari.

"Mwambie ni mimi," alisema kwa Kiha. "Mwambie ni uzee. Alinieleza vizuri nikasahau."

Nikatafsiri. Nilitafsiri sawasawa, kila neno mahali pake.

Mama alisonya. "Mama naye! Kichwa kigumu hiki!" Daktari akaandika kitu kwenye kadi. Jioni Baba alimlaumu mama yake kwa Kiha, kwa heshima lakini kwa muda mrefu, kwamba wazee wanapewa dawa wakafuata mawazo yao. Bibi alisikiliza, akaomba radhi. Mtu mzima wa miaka yake aliomba radhi kwa mwanawe kwa ajili yangu, nami nilikuwa nimekaa pale pale nimeshika bakuli la mchuzi. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, na mchuzi niliumaliza.

Kupona kulikuwa kazi. Asubuhi na jioni Mama Shukuru alikuja na beseni, akaloweka taulo kwenye maji ya moto, akalizungusha shingoni mwa Bibi, kisha akapaka mawese vuguvugu na kukanda kuanzia mabegani kwenda juu kwa vidole gumba. Halafu yakafuata mazoezi, na kuhesabu ilikuwa kazi yangu. Moja, kulia. Mbili, kushoto. Mwanzoni pua ya Bibi haikuvuka hata upana wa kiganja. Alitoa sauti ndogo kooni kila alipofika mwisho, na mimi nilipaswa kusema, "Bado kidogo, Bibi." Wiki zilipita. Kushoto kulifunguka, akaweza kuuona mpapai wa jirani bila kujigeuza mwili. Kulia kulifika nusu, kukakataa. Kidevu hakikugusa kifua tena.

Siku moja mchana, akidhani hakuna anayemwona, alisuka kata ya nguo, akaiweka kichwani, akajitwisha ndoo ya maji iliyojaa nusu. Alipiga hatua tatu. Nilikuwa nyuma ya choo, nikifua sare. Niliona shingo ikitetemeka, mikono ikapanda kuishika ndoo, yeye aliyekuwa haishiki kamwe, kisha maji yakamwagika yote kifuani. Bibi alikaa chini kwenye tope alilolitengeneza, akaiweka ndoo kando vizuri, akaikunjua ile kata, akaikunja tena kwa utaratibu mapajani kana kwamba ana kazi nayo. Sikutoka kumsaidia. Nilingoja mpaka aliponyanyuka mwenyewe, kwa sababu nilijua hakutaka aonekane, na kwa sababu nilikuwa mwoga.

Alirudi kwake mwisho wa muhula. Hakukamua tena kwa ajili ya gulio. Chikichi zake zilichukuliwa na wengine zikiwa mikungu, na mawese ya kula aliletewa kwenye chupa, yeye aliyekuwa akiwapa watu. Gulioni alikwenda mikono mitupu, akasalimia kwa kiuno kizima. Baada ya muda hakwenda.

Nimekuwa mtu mzima nikawauliza madaktari wawili kwa nyakati tofauti, nikijifanya nauliza habari za jirani. Mmoja alisema wiki saba zile ndizo zilizomwumiza. Mwingine alisema wapo wanaobaki na maumivu hata wakitibiwa vizuri, hasa wazee, huwezi kujua. Huyu wa pili nilimpenda kwa siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka lile swali, "Hata kidogo?", nikarudi pale pale.

Nilimwambia Bibi nikiwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Nilipanda milimani kwenda kumwonyesha kitukuu chake, nikamkuta uani asubuhi, amekaa kwenye mkeka anachambua maharage kwenye ungo. Ungo alikuwa ameuinua juu ya kigoda ili asilazimike kuinama. Nilimpakata mtoto wangu, nikasema yote, tangu siku tano mpaka karatasi ndani ya daftari, mpaka Mama Shukuru na beseni lake. Nilisema kwa Kiha kilichoanza kuota kutu. Nililia nikisema, na mtoto akalia kwa kuniona.

Bibi hakuacha kuchambua. "Nilijua siku ile kwa daktari," alisema. "Uso wako ulikuwa umeniambia kabla ya mdomo."

"Mbona hukusema?"

"Niseme, wakuchape? Shingo ingerudi?"

Akatoa kijiwe, akakitupa majanini. Nilimwambia nilitaka akae. Nilimwambia kuhusu ile nyumba mchana, na kula nimesimama, na kukaa mlangoni nikingoja watu wa kusalimia. Hayo hakuyajua. Niliona mikono yake ikisimama kwa mara ya kwanza. Alijigeuza mwili wote, kama alivyokuwa amezoea, akanitazama.

"Basi ungesema, 'Bibi, usiende.'"

Nilimfuta mtoto machozi.

"Ningekaa," alisema. "Chikichi ni kitu gani? Ningekaa hata mwaka mzima, mjukuu wangu, na shingo yangu ningekuwa nayo."